Kilo sita za mzee na daftari la karani

Mwezi uliopita nilisimama kwenye diko moja kusini mwa Mombasa, mashua zikirudi. Karani wa BMU alikuwa na mizani ya kuning'iniza, imekatika ndoana, na daftari lililolowa pembe. Mzee mmoja akashusha kapu la tafi na changu. Akaulizwa amevua wapi, ametega madema mangapi, amepata kiasi gani. "Andika sita," akasema. Mimi mizani sina, lakini kapu lile halikupungua kilo kumi. Alipokaa kivulini nilimuuliza mbona amepunguza.

"Mwanangu, ukiandikwa nyingi leo, kesho watakuja na kodi."

Simlaumu. Miaka ya nyuma nilimwona kijana mmoja wa utafiti kwenye diko hilo hilo, msimu mzima wa kusi, akiwapima samaki kwa rula na kuwauliza wavuvi mpaka idadi ya watoto wao. Akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona. Mtu akichukuliwa habari zake namna hiyo mara mbili tatu, ya nne atasema sita.

Lakini tazameni yaliyotokea Lamu. Mitambo ilipochimba chini ya bahari ili bandari mpya ipokee meli kubwa, wavuvi walilia kuwa maji yamejaa tope na sehemu zao za kuvulia zimeharibika. Kesi iliyofunguliwa 2012 ilipata hukumu Aprili 2018: Mahakama Kuu ilikubali kuwa haki zao zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Hata baada ya hapo malipo yalivutwa kwa miaka. Sasa jiulize: mradi kama huo ukija kwenye diko letu, na wakili wa upande wa pili akauliza mlikuwa mkipata nini kabla, tutamwonyesha nini? Daftari. Na daftari linasema sita. Hasara yetu itahesabiwa kutoka kwenye hiyo sita, si kwenye kumi tuliyokula na kuuza.

Ndiyo maana nasema kuipima bahari si kazi ya wasomi wa Mkomani peke yao. Bahari haina kumbukumbu ya maandishi isipokuwa ile tunayoiwekea sisi. Mwaka 1998 maji yalipopata joto, matumbawe yalipauka na zaidi ya nusu yakafa sehemu nyingi za pwani yetu. Tunajua ukubwa wa msiba ule kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakizamia na kuhesabu kwenye miamba ile ile tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wangeanza kuhesabu 1999 wangekuta mwamba mfu na kudhani ndivyo ulivyoumbwa.

Kipima-maji cha Kilindini nacho kimekuwa kikiandika kupwa na kujaa tangu miaka ya 1980, ila rekodi yake ina mapengo. Mtu wa Kipini aliyeona bahari ikila ardhi yake haambiwi chochote na pengo. Kifaa kikiharibika, kitengenezwe wiki hiyo, si mfadhili mwingine akipatikana. Na meli ya Mtafiti, tuliyopewa na Ubelgiji, haiendi kwa maji ya chumvi. Inataka mafuta na mabaharia kila mwaka, kwenye bajeti yetu wenyewe.

Utafiti ukirudi diko, watu huuona. Chukua dema. Watafiti hapa kwetu walijaribu dema lenye mwanya mwembamba ubavuni ili samaki wadogo wapenye watoke. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi na kipato hakikushuka, kilipanda. Jambo kama hilo huhitaji hotuba gani? Msukaji wa dema anaelewa kabla hujamaliza kusema. Lakini nilipouliza pale kivulini, kati ya wanaume saba ni mmoja tu aliyewahi kulisikia.

Ninachotaka si kikubwa. Karani alipwe, hawa ninaowajua mimi hawana mshahara. Kaunti itamke kwa maandishi kuwa daftari hilo si la kodi. Na kila baada ya kusi na kaskazi, hesabu ya diko letu ibandikwe ubaoni pale pale, kwa Kiswahili, tuone changu wamepungua au wameongezeka kuliko mwaka jana, tubishane.

Nilimsimulia mzee habari ya Lamu. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita karani.

"Hilo daftari likijaa hupelekwa wapi?"

"Ofisini, mzee."

"Na huko ofisini nani hulisoma?"

Karani alicheka, akaanza kutafuta kalamu yake.