Tone la Maji Katika Moto wa Radi

Siku ya soko pale Katito, mpishi wa chapati, kabla hajatandaza donge lake la kwanza, huchovya vidole katika kikombe cha maji akarushia kaango matone mawili matatu. Joto likiwa la wastani, maji huchemka yakakauka papo hapo, lakini kaango likiwa limewaka kupita kiasi, tone hujiviringa mithili ya ushanga, likakimbia huku na huku juu ya mvuke wake lenyewe, na ajabu ni kuwa huchelewa kutoweka.

Jambo la jinsi hiyo, ila katika moto mkali zaidi, limewashughulisha wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, ambao kwa hisabati za tarakilishi wameigiza safari ya tone ndani ya plazma, yaani hewa iliyopata moto hata chembe zake zikapasuka na kuchukua umeme, kama ile ya radi ambayo sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria hatuhitaji kuelezwa. Plazma waliyoiigiza ni ya mtambo wa kupimia madini: mtambo huo huivuvia sampuli ya maji ikawa ukungu, ukaupitisha katika mwenge wa gesi ya argoni wenye joto la digrii 6,000 hadi 10,000, ilhali uso wa jua una kama 5,500 tu. Na humo tone lenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita hupewa muda usiofika hata kupepesa jicho, likauke, chumvi yake igeuke mvuke, na atomi zihesabiwe.

Wako watakaouliza, wala si kwa utovu wa akili, haya yanamhusu nini mtu wa Nyakach anayeteka maji ya Mto Nyando. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na kadiri ndogo hivyo haionwi kwa jicho wala kuonjwa kwa ulimi, ila hupimwa kwa mtambo kama huo. Sasa, tone lenye upana maradufu hutaka takribani mara nne ya muda ili likauke. Likiwa kubwa mno, hupita mwengeni halijaisha, mvuke wake ukaupoza moto ulio jirani, na hesabu ikayumba, pasipo taksiri ya mto wala ya mpimaji.

Rai yangu ni kwamba, maadamu mwenge hunywa argoni lita 15 na zaidi kwa dakika, na hisabati haitaki ila tarakilishi na subira, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno waingie kwa mlango huu wa pili, wa hisabati. Sisemi mitambo isinunuliwe. Nasema anayeinunua bila kufahamu yanayojiri ndani yake amenunua sanduku litoalo hukumu. Mwanafunzi na aanze na tone moja la maji safi. Akishalimudu, alitie chumvi, kisha asidi ile ambayo kwayo tope la Nyando huyeyushwa ili lipimwe.