Sungura Anaponyonyoka Manyoya

Katika nyumba nyingi watoto wamepewa sungura mmoja au wawili wa kutunza. Wampenda, wampa jina, na baada ya masomo wakimbilia kizimbani kumsalimu. Kisha siku moja waona manyoya yametapakaa kila mahali: sakafuni, chakulani, hata katika nguo alizozianika mama. Hapo jamaa hugawanyika. Watoto walia wakisema kwamba mnyama wao anakufa. Baba naye akata shauri achinjwe upesi, kabla ugonjwa haujamkondesha. Juma hili twataka kuwasaidia wote wawili; maana mara nyingi sungura huyo hana ugonjwa wowote, lakini akiachwa bila kutunzwa aweza kuupata.

Kunyonyoka manyoya ni jambo la maumbile. Sungura hubadili vazi lake mara kadhaa kwa mwaka. Katika nchi za baridi, kama Ubelgiji na Ufaransa, kurefuka na kufupika kwa mchana ndiko kunakoupa mwili ishara ya kuvaa upya. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Basi mfugaji asingoje mwezi fulani, bali amtazame mnyama mwenyewe. Kwa kawaida manyoya huanza kutoka kichwani, yakaendelea shingoni na mgongoni, yakamalizikia ubavuni na tumboni. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Ukiyatenga manyoya kwa vidole, utaona mapya, mafupi, yakichipua chini ya yale ya zamani kama majani baada ya mvua ya kwanza.

Hatari iko wapi basi? Sungura ni mnyama msafi, hujilamba kutwa, na kila ajilambapo humeza manyoya. Paka akimeza mengi huyatapika. Sungura hawezi kutapika kamwe. Yote aliyoyameza sharti yapite tumboni hata yatoke nyuma. Zamani wafugaji walidhani kwamba manyoya peke yake ndiyo yanayoliziba tumbo. Leo waganga wa mifugo wafundisha kwamba hata tumboni mwa sungura mzima manyoya hayakosekani. Shida huanza tumbo lipunguzapo mwendo, kwa kukosa majani, kwa kukosa maji, kwa maumivu au kwa hofu. Ndipo manyoya na chakula hukauka na kushikamana, na mnyama huacha kula. Kwa hiyo ngao zetu ni mbili: kitana na majani.

Tuanze na kitana. Siku za kawaida yatosha kumchana sungura mara moja kwa juma. Anyonyokapo, achanwe kila siku. Mtoto aketi chini juu ya mkeka, maana sungura akianguka kutoka mezani aweza kuvunjika mgongo. Asimshike kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili uchukue matako, naye awekwe mapajani juu ya kitambaa. Kwanza mtoto aloweshe viganja kidogo, ampapase toka kichwani hata mkiani. Manyoya yaliyolegea yatashika mikononi. Kisha achukue kitana chenye meno mapana, au burashi laini, afuate upande wa manyoya bila kukaza. Ngozi ya sungura ni nyembamba, hupasuka upesi. Akikuta fundo, ashike shina lake kwa vidole na kulifungua kidogo kidogo. Mkasi aachiwe mtu mzima. Dakika 10 au 15 zatosha. Mnyama akihangaika, aachwe apumzike, kazi iendelee jioni.

Mambo mawili tunayakataza. La kwanza ni kumwosha sungura kwa maji: manyoya yake hukawia kukauka, baridi humwingia, na hofu yenyewe yaweza kumdhuru. La pili ni kumlaza chali ili atulie. Utulivu ule si usingizi. Ni woga wa mnyama aliyekamatwa.

Ngao ya pili ni chakula. Majani ya porini, mabichi au makavu, yawe mbele yake usiku na mchana, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo zinazolisukuma tumbo. Matembele ni mazuri, ila yawe kiasi, yakinyauka kwanza. Mkate, ugali na mabaki ya mezani si chakula chake. Maji safi yasikosekane, na manyoya yaliyoangukia ndani ya chombo yaondolewe kila asubuhi.

Kila siku mtoto atazame kinyesi. Vidonge vya mviringo, vingi na vikavu, ni habari njema. Vikitoka vimeungana kwa manyoya kama shanga katika uzi, aongezewe majani makavu na kuchanwa zaidi. Vikiwa vidogo mno, au vikikosekana, na mnyama akikataa kula tangu asubuhi hata jioni, msingoje kesho. Apelekwe kwa mganga wa mifugo siku ile ile, maana sungura aliyeacha kula aweza kufa upesi.

Yafaa pia kupambanua. Sungura jike mwenye mimba huchukua siku 31 hivi, na karibu na kuzaa hujinyonyoa kifuani na tumboni apate kutandika kiota, kwa kuwa wanawe huzaliwa uchi. Baba anayemchinja huyo apoteza uzazi mzima. Na mtoto asiyaondoe manyoya yale. Lakini ukiona ngozi tupu, nyekundu, yenye magamba puani au masikioni, na mnyama akijikuna sana, huo ni upele: atengwe na wenziwe, atafutiwe dawa. Vipara vya mviringo vyaweza kuwa choa, nacho humwambukiza mtu. Kwa hiyo kila amchanaye anawe mikono kwa sabuni.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaotamani sungura wa Angora, aitwaye kwa jina la zamani la mji wa Ankara huko Uturuki. Manyoya yake ni marefu na laini kama pamba, na sungura mmoja mwema aweza kutoa kilo 1 hivi kwa mwaka. Lakini sharti avunwe kila baada ya miezi mitatu hivi, na katikati achanwe bila kukosa, la sivyo manyoya humfunga kama blanketi chafu. Nyumba isiyo na mtu wa kazi hiyo ichague sungura wa manyoya mafupi.

Wazazi, msiseme kwamba huu ni mchezo wa watoto. Wagawieni zamu: mmoja achane, mwingine akate majani, wa tatu asafishe kizimba. Mtoto aliyezoea kukitazama kila siku kiumbe kisichoweza kusema pahali kinapoumwa, kesho atamtambua upesi mdogo wake aliyeanza homa.