Mechi mvunje ninyi, kiingilio tulipe sisi?

HIVI ni biashara gani nyingine hapa nchini ambayo mteja analipa kwanza, mwenye duka anafunga mlango mbele ya macho yake, halafu mteja huyo huyo ndiye anayeambiwa awe na subira? Ukinunua mkate ukaukuta umeota ukungu, unaurudisha. Ukikata tiketi ya basi la Mwanza na basi likaharibika kabla ya kutoka kituoni, utazungushwa, utapigiwa kelele na wapiga debe, lakini mwisho wa yote utapanda basi jingine au utadai nauli yako na abiria wenzako watakuunga mkono. Soka peke yake ndiyo yenye ubavu wa kumwambia mteja: kaa na tiketi yako, tutakutangazia.

Nazungumzia mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na nazungumza na wewe mlalahoi wa Tandika, Manzese, Mbagala na Buguruni ambaye kiingilio chako hutoki nacho kwa mjomba. Umekitoa kwenye bodaboda, kwenye mzigo wa Kariakoo, kwenye ndoo ya samaki pale Feri. Pesa hiyo ina jasho.

Tuanze na Mei 8, 2021. Simba ndio walikuwa wenyeji, uwanja ni wa Benjamin Mkapa, na mechi ilipangwa kuanza saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo, siyo jana yake, ikatoka taarifa kwamba muda umesogezwa hadi saa 1 usiku kwa maelekezo ya wizara inayosimamia michezo. Yanga wakashika kanuni: mabadiliko ya muda yanatakiwa kutolewa saa 24 kabla. Wakaja kwa muda wao wa saa 11, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda mpya. Mashabiki waliokuwa wamejazana majukwaani tangu mchana wakabaki wanatazama nyasi. Mechi ikaja kuchezwa Julai 3, siku 56 baadaye, Yanga wakashinda 1-0 kwa bao la Zawadi Mauya.

Mtu angefikiri wakubwa wa soka wamejifunza. Ngoja.

Machi 7, 2025, usiku wa kuamkia mechi, Simba walikwenda uwanjani hapo hapo kufanya mazoezi ya mwisho, wakazuiwa kuingia. Wakatoa taarifa kwamba hawachezi, kwa sababu kanuni inaipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Siku ya pili, Jumamosi ya Machi 8, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga, ambao safari hii ndio walikuwa wenyeji, wakapeleka timu uwanjani kama vile hakuna kilichotokea. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kuna vijana walifunga siku nzima, wakapanda daladala mbili hadi Temeke na tende mfukoni, wafuturu huko huko jukwaani. Walifuturu, mpira hawakuuona.

Ikapangwa Juni 15, ikasogezwa tena, hatimaye ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Hesabu mwenyewe kwa vidole: kutoka Machi 8 hadi Juni 25 ni siku 109. Na hiyo Juni 25 ilikuwa Jumatano. Yaani umekata tiketi ya mechi ya Jumamosi, unaletewa mechi ya siku ya kazi katikati ya wiki, na unatakiwa ushukuru.

Kabla hujaanza kunitafutia kadi ya uanachama, tazama vizuri. Mara ya kwanza mwenyeji alikuwa Simba, mara ya pili Yanga. Mara ya kwanza Yanga ndiyo iliyoondoka, mara ya pili Simba ndiyo iliyogoma. Kwa hiyo mtu wa Msimbazi asinijie hapa na kidole, wala wa Jangwani asijifanye malaika. Kwenye jambo hili wote mikono yao ina matope, na waliokuwa wanasimamia ndio wenye matope hadi viwikoni. Anayeoga ni shabiki.

Sasa tuzungumze pesa, maana hapo ndipo vigogo hawataki tufike. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000. Mimi sina karani wa kunihesabia mapato ya siku zile, lakini tuchukue mfano wa darasa la nne: kila kiti kiuzwe shilingi 5,000 tu, bila kuhesabu VIP na mapambo yake. Hizo ni shilingi milioni 300. Sasa zilaze milioni 300 mahali kwa siku 109. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atakwambia hapo amezungusha kontena, ameuza, ameagiza jingine. Benki ingekutoza riba. Wewe shabiki umekopesha milioni 300, bila riba, bila dhamana, bila kuulizwa, na mkopaji hajakwambia hata asante. Sisemi kuna mtu ameiba. Nauliza pesa hiyo ililala kitanda cha nani.

Wapo watakaoruka: "Lakini tiketi si inaendelea kutumika siku ya marudio?" Hiyo ndiyo danganya toto yenyewe. Kumwambia mtu atunze tiketi ni kuchukulia kwamba hana jingine duniani la kufanya isipokuwa kukungoja. Yule aliyekuja kutoka Dodoma kwa treni ya SGR, akalala gesti ya Keko, akala kwa mama lishe siku mbili, arudi tena siku mtakayojisikia? Yule aliyebadilishana zamu na mwenzake kiwandani, atapata wapi zamu nyingine ya kubadilisha? Tiketi yake inabaki hai, ndiyo, lakini hai kwa mtu ambaye hawezi kuja. Na wakisema akate upya, huo sasa ni wizi wa mchana ambao hata jina la kuupamba hauna. Kwa hiyo shabiki ana njia mbili tu: kukopwa kwa nguvu au kulipishwa mara mbili. Njia ya tatu, ya kurudishiwa chake, ndiyo isiyozungumzwa.

Wenzetu wa Argentina walionja kitu hiki hadi mwisho wake. Novemba 2018, fainali ya pili ya Copa Libertadores kati ya River Plate na Boca Juniors, basi la Boca likapigwa mawe njiani kuelekea uwanja wa Monumental. Watu wakakaa majukwaani masaa na masaa, muda unasogezwa, unasogezwa tena, mwisho wakaambiwa warudi kesho. Kesho yake wakaanza kurudi, wakaambiwa hakuna mechi. Ikachezwa Desemba 9, Madrid, Hispania! Ng'ambo ya bahari. Mwambie yule wa Buenos Aires atunze tiketi yake.

Enzi za FAT, wanasimulia kaka zetu, tiketi ilikuwa karatasi na kishina. Ukishaingia getini imekatwa, hakuna anayejua wewe ni nani wala umekaa wapi. Zama zile mwenye mapato angeweza kujitetea kwamba hajui amrudishie nani. Leo je? Leo tumeambiwa tununue N-Card, tujisajili, tulipie kwa simu. Mfumo unajua namba yako, unajua umelipia jukwaa gani, unajua dakika uliyolipa. Ukikosea ukamtumia pesa mtu usiyemjua, kampuni ya simu inaweza kuzuia muamala na kuurudisha. Lakini pesa ya kiingilio, eti ikipanda haishuki! Teknolojia hii inakuwa ya kisasa wakati wa kuchukua, inageuka ya mkoloni wakati wa kurudisha.

Na hawa wote wana pa kukimbilia, ila wewe. Mwaka ule wa 2025 Yanga walipoona hawatendewi haki walikwenda hadi mahakama ya michezo ya CAS huko Uswisi, ambako waliambiwa warudi nyumbani wamalize kwanza ngazi za hapa. Sawa, walishindwa, lakini walikuwa na mlango wa kugonga. Simba walikuwa na kanuni yao ya mazoezi, wakaishika mkononi wakaisoma hadharani. Bodi ina kamati. Shirikisho lina kamati za kusimamia kamati. Sasa chukua tiketi yako, isome mbele, isome nyuma, halafu unioneshe mstari unaosema mechi isipochezwa utarudishiwa pesa zako ndani ya siku ngapi na utazipata wapi.

Jambo lenyewe linaendelea kwa sababu moja ambayo wakubwa wanaijua vizuri kuliko sisi. Nani atakwenda mahakama ya mwanzo kudai shilingi elfu tano? Nauli ya kwenda Temeke mara tatu, siku za kazi zilizopotea, karani anayekwambia njoo wiki ijayo. Utatumia zaidi ya unachodai. Kwa mtu mmoja ni pesa ya soda na chipsi. Kwa watu elfu sitini ni nyumba. Ujanja wote uko hapo: umnyofoe kila mmoja kidogo kiasi kwamba hakuna atakayeona faida ya kupiga kelele peke yake.

Lakini kuna kitu kimoja wanasahau. Klabu zinabanwa na taratibu za FIFA zisipeleke mambo ya mpira kwenye mahakama za kawaida. Shabiki habanwi. Shabiki si mwanachama wa FIFA, si mwanachama wa TFF, shabiki ni mteja aliyenunua huduma. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na chini yake ipo Tume ya Ushindani, FCC, yenye kazi ya kumlinda mlaji. Tunaisikia ikikamata bidhaa bandia madukani. Vizuri, ikamate. Ila mechi iliyouzwa na haikuchezwa ni bidhaa gani kama siyo bandia?

Nisidanganye kwamba Ulaya kila kitu ni asali. Uingereza viingilio ni moto na mashabiki wanalia. Tofauti ni kwamba klabu nyingi kule huandika mapema kwenye masharti ya tiketi: mechi ikiahirishwa itakuwa hivi, ikivunjika baada ya kuanza itakuwa vile, shabiki ataingia mechi ya marudio bure au kwa bei iliyopunguzwa kutegemea ilivunjika wakati gani. Unaweza usiyapende masharti, lakini unayajua kabla hujatoa pesa. Na Hong Kong, Februari 2024, waandaaji walileta Inter Miami, Messi akakaa benchi dakika zote 90. Mechi ilichezwa hadi filimbi ya mwisho, timu yake ikashinda 4-1. Watu walipozomea na serikali ikakunja uso, waandaaji wakatangaza kurudisha nusu ya viingilio. Mchezaji mmoja tu hakucheza. Huku kwetu hawakucheza wote 22.

Kuzomea peke yake hakutoshi. Februari 6, 2016, Liverpool ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland (ile ya Uingereza, siyo ile yetu iliyobadili jina 1971 ikawa Simba). Wenye timu walikuwa wametangaza tiketi ya pauni 77 kwa msimu uliofuata. Dakika ya 77 ilipofika, mashabiki kama 10,000 wakasimama, wakatoka uwanjani. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na tiketi ile ikafutwa. Hakuna aliyerusha chupa, hakuna aliyeng'oa kiti.

Sisi tunaweza nini? Tunaweza kuacha kugombana wenyewe kwa wenyewe vijiweni kuhusu nani alimkimbia nani Machi 8. Wanapenda sana tugombane hapo. Wakati mwekundu anamwita mwenzake mwoga na wa kijani anamjibu, hakuna anayeuliza habari ya kiingilio. Matawi ya Simba na Yanga yapo kila mtaa wa mji huu, yana wenyeviti, yana makatibu, yana mihuri. Tawi moja la Simba na jirani yake la Yanga wakiandika barua moja, wakaisaini pamoja na kuipeleka FCC na nakala Bodi ya Ligi, nina hakika hiyo barua itasomwa, hata kama ni kwa mshangao tu.

Barua iseme hivi. Mechi isipochezwa siku iliyotangazwa, na sababu si mvua wala msiba bali ni uzembe au ubabe wa wahusika, pesa yote irudi kwenye simu iliyolipa ndani ya siku saba, bila mtu kuomba, bila foleni, bila fomu. Anayetaka kuja siku ya marudio akate upya kwa hiari yake, na aliyekuwa na tiketi ya kwanza apewe nafasi ya kununua kabla ya wengine, kwa bei pungufu. Gharama hiyo alipe aliyesababisha, awe klabu, bodi au ofisi ya serikali iliyosogeza saa. Na kama wahusika wanaona hayo hayawezekani, basi watuandikie kwenye bango la mechi, kwa herufi kubwa kama zile wanazoandikia bei ya VIP, kwamba pesa ikiingia haitoki, mechi ichezwe isichezwe.