Gari Kulala Gereji Si Sababu ya Kuacha Bima

Ndugu wafanyakazi, tunaandika habari ya gari la tawi letu, ile Peugeot 504 ambayo wengi wenu mnaijua. Imebeba wagonjwa wetu usiku, imewarudisha marehemu wetu vijijini kwao, na siku za mikutano imebeba watu wanane ndani na viti vya kukodi juu. Sasa imeungua. Tunataka mjue imeunguaje, kwa sababu maneno mengi yanasemwa viwandani na mashambani, na mengine si kweli.

Gari hilo si la juzi. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na katika nchi zetu ilifanya kazi ya teksi ya safari ndefu. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya themanini tunakumbuka kubanwa kiti cha nyuma kabisa na mzigo wa ndizi magotini. Siku hizi gari kama hilo likitengenezwa vizuri, wako watu wenye fedha Kampala wanaolitaka kwa ajili ya harusi au kwa kulitazama tu. Kamati ilikataa kuliuza. Wanachama walichanga, wengine kwa kukatwa kidogo kidogo kila mwezi, ili lifufuliwe: bodi inyooshwe, injini ichongwe upya, viti vishonwe. Likapelekwa gereji moja hapa Bukoto.

Kazi ya namna hiyo haiishi kwa wiki mbili. Spea zinatafutwa Kisekka, hazipatikani, zinatafutwa Ndeeba, zinapatikana mbovu. Fedha ikiisha, kazi inasimama mpaka mwisho wa mwezi. Gari likakaa miezi mingi juu ya matofali. Ilipofika siku ya kulipia bima, mmoja wetu alisimama mkutanoni akauliza: "Gari limelala, halina hata magurudumu, bima ya nini?" Tulipiga makofi. Hatumtaji kwa jina kwa sababu kosa si lake peke yake; sisi sote wa kamati tuliona tumepata njia ya kuokoa fedha ya chama, na fedha ile tukanunulia rangi.

Kwa upande wa sheria mwenzetu hakukosea. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 juu ya bima ya magari inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu anapolitumia barabarani. Gari lisilotembea halimgongi mtu. Lakini siku fundi analitoa nje kujaribu breki, hata kama ni hatua mia tu, sheria imerudi, na stika ile ile inatakiwa kwenye kioo. Tena bima hiyo ya mtu wa tatu haikulindi wewe wala gari lako. Inamlinda yule uliyemuumiza, na sheria hiyo iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali moja. Chama chetu hakijaacha kusema kwamba kiasi hicho ni kidogo, lakini hayo ni ya makala nyingine.

Kosa letu lilikuwa hili: tulidhani hatari ya gari iko barabarani tu. Gari lililofunguliwa gereji lina hatari zake. Tangi la petroli limeteremshwa na mvuke umebaki ndani. Hatua tatu kutoka hapo kijana anachomelea bodi, cheche zinaruka. Viti ni sponji, na sponji inawaka kama nyasi za kiangazi. Usiku mlinzi ni mmoja, na kabureta inaingia katika mfuko wa koti. Ndiyo maana iko bima ya moto na wizi kwa gari lililolala. Huihitaji bima kubwa inayolipia migongano, maana gari halitagongana na kitu likiwa juu ya matofali. Unamwandikia mwenye bima kwamba gari limewekwa gereji, unataja gereji ni ipi, unaomba bima ya moto na wizi peke yake mpaka litakapotoka. Malipo yake ni madogo kuliko ya bima kubwa. Sisi hatukuuliza hata hilo.

Moto ulianza mchana, petroli ikiwa katika beseni waliloshea vyuma. Bodi ilikunjamana kwa joto, viti vipya viliteketea, na waya zote pamoja navyo. Injini ilinusurika kwa bahati, ilikuwa imepelekwa kwa mchongaji Katwe. Na hapo tunaomba msimame kidogo, kwa maana hata tungekuwa na bima, injini hiyo kama ingeibwa huko Katwe huenda tusingelipwa kitu. Bima nyingi za gari huhesabu vitu vilivyofungwa katika gari. Kitu kikifunguliwa na kupelekwa kwa fundi mwingine, uliza kabla, na jibu lake liwe katika karatasi, si kwa simu.

Tulipokwenda kwa mwenye gereji alituonyesha ubao wake ukutani: magari yanaachwa kwa hatari ya mwenyewe. Bima ya mali ya wateja hakuwa nayo. Hatukumuuliza siku ya kwanza, tulimuuliza bei tu. Mtu anayempelekea fundi mali ya watu mia tatu angepaswa kuuliza mambo mawili kabla ya bei: una bima ya moto, na vijana wako wana bima?

Maana kuna jambo la pili, na kwetu ni kubwa kuliko gari. Kijana mmoja mwanafunzi wa kazi aliungua mikono yote miwili akijaribu kulivuta lile beseni. Mwenye gereji akasema, "Huyu si mfanyakazi wangu, anajifunza tu, nampa chakula cha mchana na nauli." Ndugu zetu wa mashamba ya chai na miwa mnayajua maneno hayo. Ndiyo mnayoambiwa kila siku: huyu si wa kudumu, huyu ni kibarua, huyu aliletwa na kontrakta. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na mtu anayefanya kazi kwa malipo ni mfanyakazi, hata kama malipo yake ni madogo. Aumiaye asiweze kufanya kazi tena kabisa hupewa hesabu ya mapato ya miezi 60. Sasa piga hesabu: miezi 60 ya nauli na chakula cha mchana ni kiasi gani? Hapo ndipo wanapotuumizia. Mshahara usioandikwa popote unakupunja ukiwa mzima, halafu unakupunja tena ukiumia.

Wako wanaosema bima ni ya matajiri, na kwamba makampuni yanajua kupokea tu. Hatuwezi kusema hawana sababu. Tumewaona wanachama waliozungushwa ofisi hadi ofisi mpaka wakachoka. Lakini tajiri gari lake likiungua ananunua jingine. Sisi gari hili moja lilikuwa jasho la watu mia tatu, na hapana mtu wa kutulipa.

Thamani nayo ni mtego. Gari la zamani likikatiwa bima bila kuelewana, mthamini anatazama umri wake anasema ni vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Hajui umetia injini mpya. Kwa hiyo elewaneni thamani mapema na mwenye bima, iandikwe, na kila hatua ya matengenezo ikimalizika mpelekeeni risiti na picha ili thamani ipandishwe. Ukikatia bima gari la milioni kumi kwa milioni mbili, usingoje kulipwa kumi. Mweka hazina wetu alikuwa na risiti nusu. Nyingine zilikuwa ndani ya gari, zikaungua pamoja nalo.

Mnunuzi mmoja amekuja kutaka bodi na injini kwa bei ya kuchekesha. Kamati imemkataa, na wanachama watasema lao katika mkutano wa mwisho wa mwezi. Injini tumekwisha kuihamisha kutoka Katwe, iko stoo ya ofisi. Madai ya kijana tumeyaandika na kuyapeleka kwa afisa wa kazi, na barua imetaja malipo yake yote, chakula na nauli pia. Mama yake ameomba mtu wa chama aende naye siku ya kuitwa. Tutakwenda wawili.