Shule ya mseto si jalala

Wasee wa Bisil, leo sitaongea bei ya mbuzi wala siasa za wadi. Leo naongea na wazazi, na naomba mtu asikasirike kabla hajamaliza kusoma.

Kuna swali nimechoka kulisikia. Mtoto amepangiwa shule. Mzazi hajauliza kama kuna walimu. Hajauliza kama kuna maabara, kama kuna maji, kama choo kina mlango. Anauliza, "Kwani ni ya mseto?" Ukisema ndiyo, anasonya. Ukiongeza kwamba ni ya kutwa, hapo umemaliza. Tangu matokeo ya kwanza ya KJSEA yatoke Desemba 2025 na watoto zaidi ya milioni moja wapangiwe Gredi ya 10, hiyo ndiyo nyimbo naisikia stejini, sokoni, hata kwa kinyozi. Ati mtoto "ametupwa" shule ya mseto. Ametupwa! Kama takataka.

Mimi nimesoma hiyo shule mnayoisonya. Miaka minne, mseto, ya kutwa, hapa hapa Kajiado. Chuo kikuu nilienda, nikatoka mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Wewe uliyeacha chuo utatufundisha nini kuhusu elimu?" Nitakufundisha hesabu kwanza.

Tangu 2018 serikali imesema kila mwanafunzi wa sekondari ya umma atatengewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Tuseme hiyo pesa imefika yote, hata kama walimu wakuu kila muhula wanalia kwamba haijafika. Ukimpeleka mtoto shule ya bweni ya kitaifa, kiwango kilichowekwa kwa mzazi ni 53,554 juu ya hiyo. Shule nyingine za bweni, 40,535. Hapo hujanunua sanduku, godoro, sare wala nauli. Sasa chukua familia ya Meto au Maili Tisa ambayo ukame wa 2020 hadi 2023 ulilaza ng'ombe wake chini. Auze mbuzi wangapi? Na wana watoto wanne. Shule ya kutwa karibu na nyumbani ndiyo shule pekee huyo mtoto anaweza kumaliza. Ukiitukana, unatukana mlango pekee alio nao.

Watu wanadhani kutenganisha wavulana na wasichana ni sheria ya Mungu au mila yetu. Si kweli. Ni mpango tuliopokea kwa wamishonari. Alliance ya wavulana ilifunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926. Alliance ya wasichana ikaja 1948. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni miaka 22. Hivyo ndivyo kutenganisha hufanya kazi mahali penye pesa kidogo. Kaka anajengewa kwanza, dada anaambiwa angoje.

Baada ya uhuru wananchi walichanga, wakajenga shule za Harambee. Nyingi zilikuwa za mseto, na si kwa sababu wazee walikuwa wamesoma vitabu vya usawa. Kijiji kilikuwa na pesa ya shule moja, basi. Pesa za CDF zilipoanza kutoka baada ya sheria ya 2003, mambo yakawa yale yale. Madarasa manne, ofisi, vyoo, wavulana na wasichana ndani. Mahali penye uwezo wa shule moja, ukilazimisha kutenganisha, mmoja anabaki nje. Na hapa kwetu sote tunajua ni nani atabaki nje. Tusidanganyane.

Sisemi shule za wasichana zifungwe. AIC Kajiado, ile shule ya msingi ya bweni ya wasichana iliyoanza 1959, imeokoa mabinti waliokuwa wanakimbia kisu na ndoa. Heshima zangu zote kwao. Lakini kuokoa ni kwa dharura. Huwezi kuchukua kila msichana wa kaunti nzima ukamficha mahali mpaka afike miaka 18. Wengi watakaa nyumbani, na wanahitaji shule wanayoweza kufika kwa miguu.

Sasa tufike kwa hoja yenu kubwa: mimba. "Ukiweka mafuta karibu na moto..." Nimeisikia hiyo mpaka nimeikariri. Tatizo lipo, sikatai. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Kajiado wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Wastani wa taifa ni 15. Hiyo ni aibu yetu sote.

Lakini nani anawapa mimba? Kumbukeni korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Hakukuwa na darasa la mseto hata moja. Kama mvulana wa dawati la pili ndiye tatizo, mimba zingekauka mwaka huo. Badala yake nchi nzima ilikuwa inapiga kelele kuhusu mimba za wanafunzi. Msichana hapati mimba kwa sababu alikaa na mvulana kwenye somo la Kemia. Anaipata kwa mtu mzima anayempa lifti ya pikipiki kwa sababu shule iko mbali. Anaipata kwa mtu anayemnunulia sodo, au kwa mwanaume ambaye baba yake ameshapokea ng'ombe zake. Hao mnawajua, mnakunywa nao chai hapo hotelini. Lakini wa kulaumiwa ni mtoto wa Gredi ya 10 aliyebeba daftari.

Halafu fikirieni jambo hili. Tangu 1994 sera inasema msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi shuleni. Akirudi bweni, mtoto atanyonya nani? Shule ya kutwa ndiyo inamruhusu asome mchana na jioni amrudie mtoto wake. Mkiziua hizi shule, mmemwambia msichana huyo kwamba amekwisha.

Najua pia mtanitajia St. Kizito, na ni haki yenu. Usiku wa 13 Julai 1991, huko Meru, wavulana wa shule ya mseto ya bweni waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa, 71 wakabakwa. Mimi sijazaliwa bado, lakini hiyo habari ilinifikia na inaniumiza. Wengi walichukua somo moja pale: watenganisheni. Somo langu mimi ni lingine. Kulikuwa na jamii iliyozoea kuita ubakaji utundu wa vijana. Ukimfungia mvulana wa aina hiyo peke yake miaka minne bila kumfundisha kitu, hujamrekebisha, umemweka akiba. Siku akitoka getini atakutana na wanawake sokoni, kazini na nyumbani kwake.

Na ukuta wenyewe haujatulinda vile mnavyodhani. Bombolulu ilikuwa shule ya wasichana peke yao. Machi 1998 bweni liliwaka, madirisha yana vyuma, na wasichana 26 wakafa. Moi Girls Nairobi ni ya wasichana peke yao. Septemba 2017 moto ukaua 10. Usalama unaletwa na mtu mzima aliye macho na mlango unaofunguka. Jinsia iliyoandikwa kwenye geti haizimi moto.

Acheni niwaambie mseto ilinipa nini. Kwetu nyumbani mvulana anaambiwa tangu mdogo kwamba mwanamke hasemi mbele ya wanaume. Shuleni nilipigwa Hisabati na msichana muhula baada ya muhula mpaka nikaenda kumwomba anielezee logi. Kwenye mdahalo msichana alinibomoa mbele ya shule nzima, na nikakaa chini nikanyamaza. Tulifanya majaribio ya sayansi watu sita kwa vifaa vya mtu mmoja, na ilibidi tusikilizane. Mimi leo ninaweza kufanya kazi na mwanamke bila kujiona nimeshushwa. Sikujifunza hilo chuo kikuu.

Sasa, shule hizi zina shida? Zina shida kubwa. Walimu hawatoshi, wengine wanalipwa na wazazi kupitia bodi, pesa ikikosa wanaondoka. Sasa mtaala mpya unataka kila shule ya sekondari ya juu itoe STEM, lakini kuna shule ambayo maabara yake ni kabati. Sheria ya sodo za bure ilitiwa sahihi 2017, lakini kuna wasichana bado wanakosa masomo kila mwezi. Hayo ndiyo yanafanya matokeo yawe mabaya. Mtu ananyima shule maji, walimu na vifaa, halafu ikianguka anasema ni kwa sababu wavulana na wasichana walikaa pamoja. Ni kama kumnyima ng'ombe maji halafu umlaumu rangi yake.

Kwa hivyo mbunge, mwakilishi wadi, na wewe mzazi unayekaa kwenye bodi, haya ndiyo naomba. Basari zisiishie kwa watoto wa shule za majina makubwa ili mpige picha za hundi. Jengeni maabara moja ya kweli kwenye kila shule ya kutwa kabla ya kufungua geti lingine la mapambo. Wekeni tangi la maji, vyoo vya wasichana vyenye milango, na chakula cha mchana, kwa sababu mtoto aliyetembea alfajiri hawezi kusoma na njaa mpaka saa kumi. Na yule mtu mzima anayeharibu binti apelekwe polisi. Kesi isimalizwe na wazee chini ya mti kwa mbuzi wawili.

Na wewe ambaye mtoto wako amepangiwa shule ya mseto na bado amekaa nyumbani ukingoja "nafasi nzuri" ya bweni: kila wiki inayopita, wenzake wanasonga mbele. Kesho asubuhi mvalishe sare, mpeleke. Ukifika huko, uliza walimu ni wangapi na maabara iko wapi. Ukikosa jibu, usimtoe mtoto. Rudi uje tupige kelele pamoja.

Anayenipinga anipinge, lakini aje na hoja. Kusonya si hoja.