Munganga akienda, nini inabaki? Kazi ya viongozi wa afya, toka Panzi mupaka Kapanga

Kila mara munganga mukubwa wa zoni ya afya anapohamishwa huku Lualaba, watu wanauliza maswali mawili: anayekuja ni nani, na huyu anayeenda alituachia nini? La kwanza linapata jibu upesi, karatasi ya uteuzi inatoka. La pili linabaki hewani. Na ndilo lenye uzito kwa mama wa Luilu ao wa Musonoi ambaye uchungu unamushika saa munane ya usiku.

Tunapenda kuhesabu wakubwa wa afya kwa medali zao. Hapa tuhesabu namna ingine: wakati mutu ametoka, ama wamemutosha, kazi inaendelea?

Tuanze na nyumbani. Wazee wa Kolwezi bado wanaongea juu ya hospitali za Gécamines na sauti ya mutu aliyefiwa. Mufanyakazi alitunzwa, bibi yake alitunzwa, watoto walitunzwa, na mama alizalia mu materinite bila kuulizwa franga. Ile haikuwa huruma. Union Minière tangu miaka ya 1920 iliona kama mufanyakazi mwenye familia na afya anabaki, na anayebaki anachimba vizuri. Gécamines ilirizi mupango ule. Lakini ulisimama juu ya mukuu mumoja tu, ni shaba. Mu miaka ya 1980 kampuni ilikuwa inatosha karibu tani 470,000 kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na kufikia 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na mupango wa "kuondoka kwa kupenda", jina ambalo wengi wao hawakulipenda hata siku moja. Familia zao ziliingia mu hali ya kila mukaaji mwingine: unagonjwa, unalipa. Wanganga hodari walikuwako. Mapango ya kulipa ndiyo hayakukuwako tena.

Sasa twende Bukavu. Denis Mukwege alizaliwa huko mu 1955, akasomea uganga Burundi, kisha akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanamuke, juu aliona mu Lemera namna mama wanakufa katika kuzala. Alirudi. Mu Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa mu vitanda. Alijaribu tena na mahema kule Panzi, vita ya 1998 ikayaharibu. Mu 1999 hospitali ya Panzi ikaanza, na kanisa la CEPAC na musaada wa Wapentekoste wa Sweden. Alitaka kupunguza vifo vya mama wanaozala; mugonjwa wa kwanza aliyemufikia ni mwanamuke aliyetendewa ukatili. Toka pale wamepokea makumi ya maelfu.

Mu Oktoba 2012 watu wenye silaha walimungojea kwake, mulinzi wake akauawa. Akakimbia na familia. Wamama wa huku, wengi wanaoishi chini ya dola moja kwa siku, wakauzisha mananasi na vitunguu kwa kumulipia tikiti ya kurudi. Mu Januari 2013 akarudi. Zawadi ya Nobel ilikuja 2018, lakini kwa mimi yale mananasi yanaonyesha zaidi. Mutu hauzishi mavuno yake juu ya munganga ambaye hakumuona.

Lakini tuseme na upande wa pili. Mu Desemba 2023 Mukwege alisimama kuwa rais wa Jamhuri na hakupata hata sauti moja juu ya mia moja. Wengine walicheka. Mimi naona kama watu walitofautisha: munganga ni munganga, kura ni kitu kingine. Na pia Panzi inaishi sana na feza za wafadhili wa ngambo. Ni hospitali kubwa, lakini haiwezi kuzalisha Panzi ingine mu kila teritware.

Jean-Jacques Muyembe alipita njia tofauti. Yeye alibaki ndani ya serikali. Mu 1976 alitumwa Yambuku, wakati hakuna aliyejua jina la Ebola, akagusa wagonjwa na mikono bila gandi. Mu 1995, kule Kikwit, yeye na wenzake walitia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba wakaishi. Wakubwa wa sayansi wa ngambo walitia mashaka. Lakini kutoka kwa damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit ndiko ilitoka dawa ambayo leo inaitwa Ebanga, moja ya dawa mbili zilizoonyesha nguvu mu majaribio ya Kivu ya Kaskazini, na ikapitishwa Marekani mu Desemba 2020.

Mu Julai 2019 rais alimupa Muyembe uongozi wa mapambano ya Ebola mashariki. Waziri wa afya, Oly Ilunga, alijiuzulu, na mu Machi 2020 tribinali ilimuhukumu miaka tano juu ya feza za Ebola zaidi ya dola 400,000; yeye alikana. Ebola ile iliisha mu Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa. Muyembe anaacha INRB, ile maabara ya Kinshasa aliyoiongoza tangu 1998, na vijana wanaojua kupima ndani ya nchi kitu ambacho zamani kilipimwa Ulaya. Ile ndiyo ninaita kuacha kitu.

Hawa wawili wanajulikana. Lakini mugonjwa wa Kolwezi hatibiwi na Mukwege wala na Muyembe. Anatibiwa mu zoni ya afya, na kuna zoni 519 mu Kongo. Mupango huu tunaujua mashariki: ulijaribiwa Kasongo, Maniema, mu miaka ya 1970, pamoja na shule ya dawa za tropiki ya Anvers. Hospitali moja ya kumbukumbu, santre za afya pembeni, munganga mukubwa mumoja wa kusimamia yote. Wakaaji wanachagua komite yao. Ni mawazo mazuri, na dunia ilikuja kuyachunguza.

Munganga mukubwa wa zoni anasimamia nini kwa kweli? Wauguzi ambao wengi hawako mu listi ya mushahara wa serikali, wengine wanapata primu tu, wengine wanaishi na kile mugonjwa analipa. Ndiyo maana faktire inapanda. Ndiyo maana mama aliyezalishwa kwa kupasuliwa anazuiliwa mu hospitali mupaka ndugu walete makuta. Munganga anayetaka kuzuia mambo hayo anagombana na wauguzi wake mwenyewe, na wauguzi hawana kosa: nao wana watoto. Programu ya kuzala bure ilianza Kinshasa mu Septemba 2023, kisha ikaongezwa mu majimbo mengine. Ni hatua. Inashika tu pale serikali inalipa hospitali kwa wakati, kwa sababu hospitali isiyolipwa inarudisha bei kwa mulango wa nyuma: "leta gandi, leta sindano, leta petroli ya groupe."

Kisha kuna umbali. Kapanga iko mu jimbo letu, lakini na mvua, Kolwezi inaonekana nchi ingine. Hospitali ya Samuteb ya Wametodisti imekaa kule miaka na miaka. Munganga wake Mumarekani, Dokta Eschtruth, aliuawa mu vita ya Shaba ya 1977, na hospitali haikufungwa milele. Kijana anayemaliza uganga Lubumbashi leo anapiga hesabu: Kapanga bila mushahara wa uhakika, ao kliniki ya kampuni ya mugodi hapa Kolwezi? Usimuhukumu upesi.

Feza, ziko? Sheria ya migodi ya Machi 2018 inasema kampuni inatosha 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na mu feza ya redevansi, 15% inaenda kwa komini, sekteri ao sheferi yenye mugodi, 25% kwa jimbo. Kwa Lualaba hiyo si makuta kidogo. Tatizo ni kile zinajenga. Jengo jipya linapigwa picha, na riboni inakatwa. Mushahara wa muuguzi haupigwi picha, dawa ambayo haikukosa mu rafu haipigwi picha. Basi tunapata kuta.

Kampuni inasaini daftari ya masharti pamoja na wakaaji, na ndani ya kikundi kinachosimamia ile 0.3% kuna wajumbe wa wakaaji. Wale wajumbe wana majina na nyumba mu karche zetu. Wakati wanaandika "santre ya afya" mu daftari, wanaweza kuandika pia nani atalipa muuguzi mu mwaka wa tatu, nani atajaza dawa, na kama munganga mukubwa wa zoni aliulizwa kabla ya kuchagua kiwanja.