SOMA NA MWANAO, KISHA FINYANGENI

Je, mwanao amewahi kukuona ukisoma kitabu?

Mama mmoja wa Mbagala, wilaya ya Temeke, alijifunza kusoma ukubwani. Mtoto wake yuko darasa la tatu. Kila mtoto aliporudi kutoka shule, mama huyu alificha daftari lake la kisomo chini ya godoro. Alisema, "Atanicheka. Mimi nasoma kwa kuunganisha silabi moja moja."

Wazazi wengi wana aibu hiyo. Lakini aibu hiyo ina hasara. Kusoma ni kama jembe. Jembe lisilolimiwa huingia kutu. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Katika miaka ile watu wengi sana walijifunza kusoma na kuandika. Lakini wako waliosahau baadaye. Walimaliza darasa, wakakosa cha kusoma nyumbani.

Basi tufanye nini? Soma na mwanao kila jioni, ukurasa mmoja au miwili. Kisha tengenezeni kitu kilichomo katika hadithi mliyosoma. Huhitaji fedha nyingi. Tuanze na mfano mmoja.

HADITHI YA SUFURIA

Wengi wetu tunazijua hadithi za Abunuwasi. Zimo pia katika vitabu. Katika hadithi moja Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Aliirudisha pamoja na sufuria ndogo. Akasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani alifurahi, akazichukua zote mbili. Siku nyingine Abunuwasi aliazima tena, lakini hakurudisha. Akasema, "Sufuria yako imekufa." Jirani akakasirika. Abunuwasi akamwuliza: Kama ulikubali kwamba imezaa, mbona hukubali kwamba imekufa?

Mkimaliza kusoma, mwulize mtoto: Nani alikosa? Jirani au Abunuwasi? Mwache aseme. Usimkatize.

SASA FINYANGENI

1. Tafuteni udongo wa mfinyanzi, ule unaonata. Sehemu nyingi za Temeke zina mchanga, na mchanga haushikani. Udongo unaonata hupatikana zaidi mabondeni. Mtu mzima ndiye aende kuuchukua. Mtoto asiende mtoni peke yake.

2. Ondoeni mawe na mizizi. Nyunyizeni maji kidogo kidogo. Kandeni kama mnavyokanda unga wa chapati.

3. Tengenezeni kitako cha mviringo. Viringisheni udongo uwe kama kamba. Zungusheni kamba hiyo juu ya kitako, duara juu ya duara. Kisha lainisheni kwa vidole vyenye maji.

4. Fanyeni vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Hao ndio mama na mtoto wa hadithi.

5. Kabla udongo haujakauka, chukueni kijiti. Mtoto aandike jina lake juu ya chungu kidogo. Wewe andika jina lako juu ya kile kikubwa.

6. Viwekeni kivulini siku kadhaa. Mkivianika juani mara moja vitapasuka. Nawni mikono kwa sabuni.

Vikikauka, igizeni hadithi. Mtoto awe Abunuwasi, wewe uwe jirani. Vyungu hivi havikuchomwa moto, kwa hiyo msivitie maji. Ni vya kuchezea.

KAMA HAKUNA UDONGO

Mkisoma hadithi ya safari, tengenezeni gari la boksi. Magurudumu yawe vizibo vya soda. Mbele ya gari andikeni jina la mtaa wenu, kama daladala. Mtoto wa Manzese aandike MANZESE, wa Tandika aandike TANDIKA.

Mkisoma hadithi ya Sungura na Fisi, tumieni magunzi ya mahindi na vitambaa vikuukuu. Gunzi refu ni Fisi, gunzi fupi ni Sungura. Masikio ya Sungura yawe marefu.

VITABU VITAPATIKANA WAPI?

Waulizeni walimu wa shule ya karibu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam iko Maktaba Kuu ya Taifa, katikati ya jiji. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967. Ina sehemu ya vitabu vya watoto. Na kama leo kitabu hakipo, soma ukurasa huu wa gazeti.

Je, yule mama wa Mbagala ilikuwaje? Siku moja alikitoa kitabu mbele ya mwanawe, akasoma. Mtoto alicheka kweli. Siku ya pili mama alikwama katika neno moja, na mtoto akamsaidia. Kisha wakakaa chini kufinyanga. Hapo mtoto ndiye aliyekwama. Chungu chake kilibomoka mara mbili. Mama alijifunza ufinyanzi kwa bibi yake. Akamshika mtoto mikono, akamwonyesha.

Tangu siku hiyo daftari halikai tena chini ya godoro. Liko mezani, karibu na vyungu viwili.

Ndugu msomaji, nawe litoe daftari lako. Anza leo jioni.

MASWALI

1. Kwa nini wako watu waliosahau kusoma?
2. Kwa nini vyungu vikaushwe kivulini?
3. Wewe unajua kazi gani ya mikono ambayo mwanao haijui?